Juu ya Kujifunza Piano: Vitabu Viwili na Kifungo Kimoja

Katika parokia zetu za Goma leo ni shida kupata korali ya vijana isiyo na kinanda cha umeme, au isiyotamani kukipata. Watu hukiita piano tu, ingawa si piano ya kweli yenye nyuzi na nyundo, nasi hapa tutafuata desturi yao. Kimeshika mahali pa ile armoniumu ya zamani iliyovuta pumzi kwa miguu ya mpigaji, na katika misa nyingi za Dominika chasikika kuliko sauti za watu. Jambo hili limeingia kwetu upesi, na kama mambo mengi yanayoingia upesi, halikuulizwa maswali. Sisi twataka kuliuliza swali moja: kijana anayeanza kujifunza piano kwetu, anafundishwa nini kwanza? Maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mkono wa mpiga kinanda nao hukunjwa katika miezi ya mwanzo.

Hatuandiki haya kwa kuwadharau vijana hao. Wengi wao hutembea kwa miguu jioni, baada ya kazi au masomo, ili wapate nusu saa mbele ya chombo kimoja kinachogawanywa na watu kumi. Bidii yao ndiyo inayotulazimisha kusema, kwa sababu bidii iliyoelekezwa vibaya huchosha moyo bila kuzaa tunda.

I. Mgeni aliyekaribishwa

Yatupasa kwanza kukumbuka jambo ambalo wengi wamelisahau. Tarehe 22 Novemba 1903 Baba Mtakatifu Pio X alitoa maagizo yake juu ya muziki mtakatifu, yanayojulikana kwa jina la Tra le sollecitudini. Humo alikataza piano kanisani. Tena katika katazo lile lile alitia ngoma, matoazi na vyombo vingine vya makelele. Basi piano ya Ulaya na ngoma yetu zilifungiwa mlango siku moja. Anayedhani kwamba piano ni mwana wa nyumba na ngoma ni mpita njia, hajasoma historia.

Mlango ulifunguliwa baadaye, nao ulifunguliwa kwa masharti. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliipa heshima kubwa oragani ya filimbi, ukaruhusu vyombo vingine viingie, ikiwa vyafaa kwa matumizi matakatifu, vyapatana na heshima ya nyumba ya Mungu, na vyasaidia kweli kuwajenga waamini. Ngoma ilikuwa imekwisha kubisha hodi: mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko, na waimbaji wake walikwisha kuimba Missa Luba kwa sauti na ngoma, bila kinanda chochote. Nasi tunaokaa katika mji ambao wengi husema jina lake latoka katika neno ngoma, hatuwezi kulisahau hilo.

Kwa hiyo kipimo chetu kimekwisha kupatikana. Hatuulizi kama mpigaji ana mbio, wala kama chombo chake ni cha bei. Twauliza kama watu wanaimba na kusali vizuri zaidi kwa sababu yake. Kwa kipimo hicho tupime sasa vitabu viwili vya wanaoanza, ambavyo ni vya zamani, vyapatikana bure katika simu, na ni rahisi kuvitoa kwa fotokopi. Kisha tutapima kile kifungo ambacho kwa wengi kimekuwa mwalimu badala ya kitabu.

II. Kitabu cha Hanon

Charles-Louis Hanon (1819–1900) alikuwa Mfaransa wa kaskazini, mkatoliki na mpiga kinanda katika mji wa Boulogne-sur-Mer. Kitabu chake Le Pianiste virtuose kilitoka mwaka 1873, nacho kina mazoezi 60. Nia yake ni wazi: kuvipa vidole vyote vitano wepesi na nguvu sawasawa. Katika piano gumba huhesabiwa la kwanza, na kidole cha mwisho huhesabiwa cha tano. Kila anayeanza ajua kwamba kidole cha nne ni kivivu na cha tano ni dhaifu. Hanon hawaachi hao wadogo nyuma. Huwatuma kazi ile ile wanayotumwa wakubwa, mpaka waizoee. Kidole kimoja hakivunji chawa, naye alilijua hilo vizuri.

Tena kitabu chafundisha subira. Zoezi la kwanza ni do, mi, fa, sol, la, sol, fa, mi. Kisha namna ile ile kuanzia re, kisha mi, na kuendelea hivyo mpaka juu, halafu kurudi chini. Mwanafunzi huanza polepole, mapigo 60 kwa dakika, akipanda kidogo kidogo mpaka 108. Aliyezoea kusali rozari ataelewa faida ya kurudia namna hiyo.

Lakini kwa anayeanza kwetu, kitabu hiki kina makosa matatu makubwa. La kwanza: mikono miwili hupiga noti zile zile, mmoja juu na mwingine chini. Mkono wa kushoto haujifunzi kazi yake mwenyewe, bali hufuata tu kama kivuli. Siku kijana atakapotakiwa kushika akordi kwa kushoto na wimbo kwa kuume, ataona mikono yake imefungwa pamoja kama miguu ya mbuzi wa kuuzwa sokoni. La pili: mazoezi 20 ya kwanza yote yako katika do, juu ya matushi meupe. Yale meusi hubaki kama nchi ya kigeni. La tatu ndilo zito kupita yote: katika mazoezi hayo ya mwanzo hamna wimbo hata mmoja. Mtu aweza kukaa nayo miezi sita, vidole vikawa kama askari wa gwaride, naye asiweze kuwasaidia mama wa shirika lake kuimba kiitikio cha zaburi.

Je, kosa ni la Hanon? Hapana. Yeye mwenyewe aliandika katika utangulizi wake kwamba kitabu kinafaa kuanzwa na mwanafunzi aliyekwisha kujifunza karibu mwaka mmoja. Kosa ni letu sisi tunaompa mtoto mchanga chakula ambacho mpishi amesema ni cha watu wazima. Hanon ni dawa ya vidole, na dawa hunywewa kwa kipimo: dakika tano kabla ya kazi yenyewe, kwa mkono ulio laini, bila kuinua vidole juu mno kama anavyoagiza, maana kwa mtu asiye na mwalimu agizo hilo huleta mkono mgumu na maumivu.

III. Kitabu cha Beyer

Ferdinand Beyer (aliyefariki 1863) alikuwa Mjerumani. Masomo yake ya mwanzo, opus 101, yalitoka katikati ya karne ya 19, nayo ni 106. Huyu anaanza mahali pengine kabisa. Mkono hukaa juu ya noti tano, kidole kimoja kwa kila noti, bila kuhama. Na tangu ukurasa wa kwanza mwalimu hukaa kando ya mwanafunzi na kupiga pamoja naye. Mtoto hupiga wimbo wa noti chache kwa mkono mmoja tu, na mwalimu huujaza kwa akordi. Hivyo aliyeanza leo anapiga muziki leo, tena anapiga pamoja na mwenzake. Hujifunza kungoja, kuanza pamoja, kumaliza pamoja. Hiyo ndiyo kazi yote ya mpiga kinanda wa misa, nayo imekwisha kuwamo katika somo la kwanza.

Kwa sababu hiyo twamweka Beyer mbele ya Hanon. Hata hivyo naye tusimmeze mzima. Kwa muda mrefu mikono yote miwili huandikwa kwa ufunguo wa sol, na ufunguo wa fa huchelewa mno. Anayemfuata ukurasa kwa ukurasa hukawia kujua kusoma sauti za chini, na sauti za chini ndizo nguzo za wimbo wa watu. Tena nyimbo zake ni za nyumbani kwao. Mtoto wa Birere au wa Katindo huzicheza bila kujua zinakwenda wapi, kwa sababu hajapata kuzisikia mdomoni mwa mama yake. Masikio yake hayawezi kumwambia kama amekosa. Akipiga wimbo anaouimba tangu utoto, kosa moja tu litamshtua, naye atalisahihisha kabla ya mwalimu kufungua kinywa. Sikio lililokwisha kufundishwa na wimbo ni nusu ya mwalimu, na kitabu cha kigeni kinaliacha likae bure.

IV. Kifungo

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wengi wa vijana wetu hawamfuati Hanon wala Beyer. Wamefundishwa na rafiki, jioni moja au mbili, akordi tatu za do, na kifungo cha kuhamisha sauti. Wimbo ukianzwa juu au chini, hawahamishi vidole: wanabonyeza kifungo, na chombo huhama badala yao. Vidole hubaki katika do siku zote. Kisha kuna kifungo kingine kinachoamsha ngoma na gitaa za mashine, nazo hujipiga zenyewe mpaka mtu azizime.

Twajua kwamba kifungo cha kwanza kina faida yake. Mpigaji hodari hukitumia siku ya shida. Lakini anayeanza hukitumia kama gongo la kiwete, naye si kiwete. Anaona do, anasikia mi bemoli. Jicho lasema moja na sikio lasema lingine, mpaka sikio lachoka kusema. Mpeleke katika parokia nyingine, mbele ya armoniumu au kinanda kisicho na kifungo hicho, utamkuta bubu. Miaka miwili amepiga kila Dominika, na kumbe hajui gamu hata moja nje ya do.

Kifungo cha pili kina hatari kubwa zaidi, kwa sababu hugusa sala yenyewe. Maagizo ya Roma ya tarehe 3 Septemba 1958 juu ya muziki mtakatifu yalikataza katika ibada vyombo vinavyojipiga vyenyewe. Hatusemi kwamba katazo hilo lataja neno kwa neno chombo cha leo, ambacho nusu yake hupigwa na mtu na nusu na mashine. Twasema sababu yake ingali hai: sadaka ya sifa hutolewa na mtu aliye hai, mwenye pumzi, anayeweza kuchoka na kungoja. Mashine haingoji. Mzee anayeanzisha wimbo akivuta pumzi, mashine imekwisha kupita. Na lugha yetu nayo huumizwa. Katika Kiswahili uzito wa neno hukaa juu ya silabi ya pili toka mwisho: katika «mtakatifu» uzito uko juu ya «ti». Mdundo uliotengenezwa kwa nyimbo za dansi huangusha pigo lake popote, na neno takatifu huvunjwa mgongo. Maagizo ya Musicam sacram ya tarehe 5 Machi 1967 yataka vyombo vitegemeze sauti, visizifunike hata maneno yasisikike. Ni waamini wangapi kwetu waliosimama nyuma ya kanisa wanaosikia maneno?

Ushahidi tunao, tena umeme wa mji wetu hutuletea mara kwa mara. Katikati ya Utukufu moto wakatika. Kinanda chanyamaza, na vipaza sauti pamoja nacho. Katika korali iliyofundishwa na kifungo, wimbo hufa palepale: vijana hutazamana, mpigaji huinama kutafuta waya, na watu husimama kimya. Mahali pengine, ambapo mpigaji amezoea kuimba anapopiga, yeye mwenyewe hushika sauti kwa kinywa, ngoma yaingia, na kanisa zima laitikia kwa nguvu kuliko mwanzo. Umeme ni ule ule, vijana ni wa umri ule ule. Tofauti ni namna walivyoanza.

V. Wanayotujibu

Vijana watatujibu: «Padri, hatuna mwalimu, hatuna muda, na Dominika ni kesho kutwa.» Ni neno la kweli, nasi hatulipuuzi. Mji huu umeona mengi. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia mpaka katikati, ukaliharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji wenyewe. Nani atazungumza habari ya gamu na mazoezi kwa watu waliokimbia na magodoro kichwani?

Lakini hoja hiyo yatusaidia sisi zaidi. Chombo huungua, huibwa, huuzwa ili kupata unga. Kijana ambaye ujuzi wake wote uko ndani ya kifungo, chombo kikipotea amepoteza vyote. Yule ambaye ujuzi wake uko katika sikio na vidole, atakimbia nao, na popote atakapokuta kinanda chochote, hata kile chenye matushi mabovu, ataweza kuwasaidia watu kumwimbia Mungu.

Wengine watasema kwamba sisi wa seminari twataka kuwafunga Waafrika kwa karatasi za Ulaya, wakati karama yao ni sikio. Sivyo. Aliyepiga kwa sikio hakukosa kitu. Ameanza mahali panapofaa. Noti ni mtumishi: zamsaidia asisahau, na asome wimbo wa watu wa mbali. Tunachokataa ni namna ya kupiga isiyo na sikio wala noti.

VI. Basi aanze namna gani?

Aanze na wimbo. Achague wimbo mfupi wa misa anaoujua kwa moyo, wenye noti tano au sita. Kwanza auimbe. Kisha atafute do: matushi meusi yamepangwa mawili mawili na matatu matatu, na do hukaa kushoto kwa yale mawili. Mkono uwe wa mviringo, kana kwamba umeshika tunda la marakuja bila kulipasua. Apige wimbo kwa mkono wa kuume akiuimba kwa jina la noti, halafu kwa maneno yake. Asiweze kuimba anapopiga, basi anakwenda mbio mno; apunguze.

Ndipo aongeze mkono wa kushoto na akordi tatu: do–mi–sol, do–fa–la, si–re–sol. Atazame vizuri: toka ya kwanza kwenda ya pili, do habanduki, toka ya kwanza kwenda ya tatu, sol habanduki. Hicho ndicho kiini cha kusindikiza wimbo: noti iliyo ya pamoja ibaki, nyingine zihamie kwa jirani wa karibu. Mkono usirukeruke kama panzi.

Baada ya hapo ajifunze gamu tatu tu: do, sol, fa. Katika do, mkono wa kuume hupiga vidole vitatu, kisha gumba hupita chini, na vidole vitano humaliza. Sol yaongeza tushi moja jeusi, fa dieze. Fa yaongeza si bemoli, na hapo gumba sharti lingoje mpaka kidole cha nne kikanyage lile jeusi. Kwa gamu hizo tatu aweza kusindikiza sehemu kubwa ya nyimbo zetu mahali panapofaa sauti za watu, bila kugusa kifungo.

Na wale kumi wenye chombo kimoja? Seremala aweza kuwasaidia. Tushi jeupe lina upana wa milimita 23 na nusu hivi. Kinanda cha matushi 61 kina meupe 36, yaani ubao wa karibu sentimita 85. Ubao huo uchorwe meupe, na vipande vidogo vyeusi vigongomewe mahali pake. Hautoi sauti, na hiyo ndiyo faida yake: mwanafunzi atalazimika kutoa sauti kwa kinywa chake. Dakika 15 kila siku juu ya ubao, akiimba, zapita saa mbili za Jumamosi juu ya chombo kinachomwimbia.

Neno la mwisho latuelekea sisi mapadri na wafratri. Mtaguso wataka muziki ufundishwe na kuzoezwa kwa bidii katika seminari. Ikiwa sisi wenyewe hatujui kutofautisha do na sol, tutanunua vyombo kwa ukubwa wa sauti yake, na kuwasifu wapigaji kwa wingi wa makelele. Paroko anayetaka kununua kinanda na atafute kwanza mwalimu, hata kama ni katekista mzee aliyefundishwa armoniumu zamani. Na siku ya kumpima kijana, kabla hajakaa mbele ya watu, amwombe jambo moja: azime mashine yote, apige ubeti mmoja akiimba, kisha aondoe mikono na kuwaacha watu waendelee peke yao. Wakiendelea, kijana huyo ameanza vema.